Wosia Bila Mashahidi ni Barua Tu

Matanga yamekwisha. Majamvi yamekunjwa, masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa majirani, na wazee wa ukoo wamekaa barazani ili wazungumze jambo ambalo kila mmoja amekuwa akiliwaza tangu siku ya mazishi, ila hapana aliyethubutu kulitaja: mali ya marehemu. Ndipo mjane anapoinuka, akaingia chumbani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Wazee wangu," anasema, "mwenyewe aliniachia hii."

Karatasi imeandikwa kwa mkono wa marehemu. Kila aliyepo barazani anaujua mwandiko wake. Inasema kwamba nyumba ya Tabata abaki nayo mke wake, na kiwanja cha Kibaha wagawane watoto wote sawasawa, wa kiume kwa wa kike. Chini pana sahihi yake. Hapana sahihi nyingine. Hapana hata tarehe.

Mdogo wa marehemu anaisoma mara mbili, kisha anauliza swali moja tu: "Shemeji, siku anaandika haya, nani alikuwapo?"

Ndugu msomaji, kisa hiki tumekitunga ili kiwe mfano. Marehemu wetu ni fundi wa kiwanda, mzaliwa wa Shinyanga, aliyeishi Dar es Salaam kwa miaka mingi huku akiendelea kufuata mila za kwao. Lakini swali la shemeji yule si la kutungwa. Ndilo swali ambalo hakimu naye ataliuliza, na jibu lake ndilo litakaloamua kama karatasi ile ni wosia au ni barua tu ya mtu aliyempenda mkewe. Kwa Tanzania Bara, jibu ni kwamba karatasi ile haitoshi. Nia ya marehemu inaonekana wazi, lakini sheria haikuridhika na nia peke yake. Imetaka nia hiyo ishuhudiwe.

Wengi wetu hatuandiki wosia kwa sababu tunaona ni uchuro. Mtu akionekana anagawa mali yake angali mzima, watu husema anajichuria kifo. Wengine huandika, lakini huandika kwa siri, usiku, na kuficha karatasi chini ya godoro ili asijue mtu. Hawa wa pili ndio tunaowahurumia zaidi, kwa kuwa wamefanya kazi ya kuandika wakaacha ile iliyo muhimu kuliko zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jambo la wosia yafaa kuongeza kwamba hata daftari lisilo na mashahidi hupotea.

KINACHOPOTEA

Kabla ya kueleza masharti, yafaa tutazame kinachotokea wosia unapokataliwa. Mali ya marehemu hugawanywa kana kwamba hakusema neno. Ikiwa aliishi kwa kufuata mila za makabila yanayohesabu ukoo upande wa baba, sheria inayotazamwa ni Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililokusanya sheria za mila za makabila hayo. Tangazo hilo liliwapanga warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza, kisha watoto wengine wa kiume, na mwisho watoto wa kike. Kuhusu mjane, kanuni ya 27 ilisema kwamba hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Kanuni hizo zimelalamikiwa sana. Wajane wawili wa Kitanzania walizipinga katika Mahakama Kuu, na shauri lao likafika mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 Kamati hiyo ilisema kwamba haki zao zilivunjwa. Lakini mama aliyeketi barazani na karatasi mkononi hawezi kungojea mijadala ya namna hiyo imalizike. Kilichokuwa kimlinde ni wosia halali wa mumewe. Huo hakuupata, japo mumewe alidhani amemwachia.

Sasa tazama upande wa pili. Katika Mkoa wa Kagera mwanamke mmoja wa Kihaya aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia uliokuwa halali. Mwaka 1988, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliliuza shamba hilo kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtu wa ukoo wake alimshitaki, akidai kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kumnyima mwanamke haki ambayo mwanamume anayo ni ubaguzi uliokatazwa na Katiba, na mauzo yakasimama. Hukumu hiyo inakumbukwa kwa sababu ya haki za wanawake, na ndivyo ilivyostahili. Lakini usisahau, ndugu msomaji, ilianzia wapi. Ilianzia kwa baba aliyeandika wosia na kuuandika sawasawa. Pasipo wosia ule, binti yake asingekuwa na shamba la kugombea.

SHERIA GANI INAKUHUSU?

Tanzania Bara haina sheria moja ya wosia kwa watu wote. Ziko tatu: sheria ya mila, sheria ya Kiislamu, na sheria iliyotoka India, yaani Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa hapa wakati wa ukoloni na ambayo mahakama zimeitumia hasa kwa Wakristo na kwa watu walioacha kuishi kimila.

Mahakama haitazami kabila peke yake. Hutazama jinsi marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ilikuwa na shauri la mirathi ya Mngoni aliyeoa Mchagga na kuishi Dar es Salaam mbali na mila za kwao; ikaona kwamba mtu huyo hakuwa tena chini ya sheria ya mila. Kwa hiyo mfanyakazi wa mjini asidhani kwamba kwa kuwa amezaliwa kijijini, mambo yake yataamuliwa kijijini. Wala asidhani kwamba kwa kuwa anaishi mjini, mila zimemwacha. Ni vema aandike ndani ya wosia wenyewe dini yake, namna anavyoishi, na sheria anayotaka itumike.

WOSIA KWA SHERIA YA MILA

Sheria ya mila inakubali wosia wa mdomo na wosia wa maandishi. Wosia wa mdomo hauna budi ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki, yaani wasio na udugu na mwenye kuusia. Neno la mgonjwa alilomnong'oneza mwanawe mmoja hospitalini, hata kama ni kweli tupu, halitoshi.

Wosia wa maandishi una masharti yake. Uandikwe kwa wino usiofutika au kwa mashine. Kalamu ya risasi haifai. Uwe na tarehe. Useme kwamba mwenye kuusia ana akili timamu na kwamba anausia kwa hiari yake. Atie sahihi yake, na asiyejua kuandika atie alama ya dole gumba. Mashahidi wawe watu wanaojua kusoma na kuandika, nao watie sahihi zao. Ikiwa mwenye kuusia anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Ikiwa hajui, wasipungue wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki.

Maana ya mpango huo yafaa ieleweke. Shahidi wa ukoo amewekwa ili ndugu wasije wakasema jambo limefanywa nyuma ya migongo yao. Mtu baki amewekwa ili pawepo mmoja asiye na tamaa ya kitu chochote pale. Kwa sababu hiyo hiyo, mrithi hapaswi kuwa miongoni mwa mashahidi hao. Mke, au wake, waliopo nyumbani wakati huo nao hutakiwa washuhudie, lakini hao ni juu ya mashahidi maalum tuliowataja. Hawachukui nafasi zao.

Fundi wetu wa Tabata alijua kusoma na kuandika. Alihitaji watu wawili tu: kaka yake mmoja na jirani mmoja.

WOSIA KWA SHERIA ILIYOTOKA INDIA

Hapa mwenye kuusia awe ametimiza miaka 18 na awe na akili timamu. Atie sahihi au alama yake, au mtu mwingine amtilie mbele ya macho yake na kwa amri yake. Mashahidi wasipungue wawili. Kila mmoja awe amemwona mwenye wosia akitia sahihi, au amesikia kutoka kinywani mwake kwamba sahihi ile ni yake. Kisha kila shahidi atie sahihi yake mbele ya mwenye wosia. Sheria haiwalazimishi mashahidi wawili wawepo kwa wakati mmoja, lakini mtu mwenye busara atawaita pamoja. Wala hailazimu wajue yaliyomo: wanachoshuhudia ni sahihi. Unaweza kuifunika karatasi na kuacha wazi sehemu ya chini tu.

Ndani ya sheria hii mna mtego unaowanasa watu wema. Ikiwa shahidi, au mke au mume wa shahidi, ameachiwa kitu katika wosia huo, wosia wenyewe haufi, bali kile alichoachiwa ndicho kinachobatilika. Mume anayemwita mkewe atie sahihi ya ushahidi, akidhani kwamba ndiyo heshima na ndiyo kumlinda, huwa amemnyang'anya kwa mkono wa kushoto nyumba aliyompa kwa mkono wa kulia. Tazama basi tofauti: kwa mila, mke aliyepo nyumbani hutakiwa ashuhudie, kwa sheria iliyotoka India, mke anayerithi asithubutu kushika kalamu. Ndiyo sababu tumesisitiza kwamba kwanza ujue ni sheria gani inakuhusu. Mwenye shaka na aende kwa wakili au kwenye msaada wa kisheria kabla ya siku ya kutia sahihi.

Jambo jingine ni ndoa. Chini ya sheria hii, wosia hufutika mwenyewe anapofunga ndoa. Kijana aliyemwachia mama yake kila kitu, kisha akaoa, ajue kwamba wosia ule haupo tena. Na yeyote anayekata mstari na kuandika jina jingine juu yake, lazima atie sahihi tena hapo pamoja na mashahidi, vinginevyo masahihisho hayo hayatahesabiwa.

WOSIA WA MWISLAMU

Mwislamu hagawi mali yake yote kwa wosia, kwa kuwa mafungu ya warithi yamekwisha kuwekwa katika Sura ya Nne ya Kurani. Baada ya kulipa gharama za mazishi na madeni, anaweza kuusia isiyozidi theluthi moja ya kilichobaki. Tena theluthi hiyo haikukusudiwa kumwongezea mrithi mwenye fungu lake, isipokuwa warithi wenzake waridhie. Mke anayeachwa pamoja na watoto wa marehemu fungu lake ni thumni, na pasipo watoto ni robo. Theluthi ni mlango wa kuwakumbuka wale wasio na fungu: mtoto wa kulea, mtoto wa kambo, jamaa maskini, au msikiti. Katika Sura ya Tano wametajwa mashahidi wawili waadilifu, na Mwislamu anayeandika wosia wake mbele yao anajiepusha na ugomvi mwingi.

KUBADILI, NA KUMNYIMA MRITHI

Wosia si pingu. Maadamu mtu yu hai na akili yake ni timamu, anaweza kuubadili. Lakini ujue kwamba kwa mila wosia wa maandishi haufutwi kwa wosia wa mdomo. Aliyeandika na akageuza nia, na aandike upya, mbele ya mashahidi tena. Karatasi mbili zenye maneno mbalimbali na zisizo na tarehe ni kuni za kuwashia moto ndani ya nyumba.

Wako pia wanaotaka kumnyima mtoto urithi kwa hasira. Sheria ya mila haikubali hasira kuwa sababu. Inakubali mambo mazito: mrithi kuzini na mke wa mwenye kuusia, kujaribu kumwua, kumshambulia au kumdhuru vibaya yeye au mama yake, au kumtelekeza bila sababu katika njaa au ugonjwa. Mwenye kuusia aseme waziwazi katika wosia kwamba anamnyima na ataje sababu, na mrithi apewe nafasi ya kujitetea. Mtoto aliyeoa asiyependwa na wazazi, au aliyeacha kuja nyumbani sikukuu, hajafika huko.

Na mtu asiusie kisicho chake. Nyumba iliyojengwa na wawili haiwi ya mmoja kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kalamu.

BAADA YA KIFO

Wengi hudhani kwamba kikao cha ukoo ndicho kinachoupa wosia nguvu. Kikao ni desturi njema, na mara nyingi mahakama hupenda kuona muhtasari wake, lakini kinachouthibitisha wosia ni mahakama. Mirathi inayofuata sheria ya mila au ya Kiislamu huweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Mirathi nyingine hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Aliyetajwa katika wosia kuwa msimamizi hupeleka wosia wenyewe pamoja na cheti cha kifo. Hapo ndipo mwenye pingamizi hulitoa, na hapo ndipo mashahidi wanaweza kuitwa waeleze walichokiona. Kwa hiyo usichague mashahidi wazee watupu ambao huenda wakakutangulia, wala wapita njia ambao hapana atakayejua pa kuwapata.

Msimamizi asianze kugawa kabla ya mahakama kumthibitisha. Baada ya hapo hulipa kwanza gharama za mazishi na madeni, kisha hugawa. Naye hutoa hesabu: katika Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi 4, katika mahakama za juu, orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu kamili ndani ya mwaka 1, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Msimamizi si mrithi mkuu. Ni mtumishi wa warithi.

Wosia uwekwe mahali ambapo utaonekana ukihitajika. Waweza kuuweka kwa wakili, benki, kwa kiongozi wa dini unayemwamini, au katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulioanzishwa mwaka 2006 na kushika kazi za Kabidhi Wasii Mkuu. Huko huandika na kuhifadhi wosia. Mwambie mtu mmoja au wawili ulipouweka. Si lazima uwaambie yaliyomo.

Turudi barazani kwa fundi wetu. Alikuwa na wino, alikuwa na karatasi, alikuwa na nia njema na mwandiko mzuri. Kaka yake alikuwa akija kumtembelea kila sikukuu, na jirani yake walikuwa wakicheza bao pamoja kila Jumapili jioni. Kuwaita wote wawili, kuandika tarehe, na kutia sahihi watatu kwa pamoja mbele ya mkewe kungechukua muda mfupi kuliko mchezo mmoja wa bao. Mdogo wake angeuliza lile swali lake, na mjane angejibu: "Alikuwapo kaka yenu, na alikuwapo jirani. Waulizeni."

Leo ni Jumapili, ndugu msomaji. Bila shaka nawe unao ndugu na jirani wa namna hiyo. Waite.